Mama Aliziosha Plagi

Jumamosi. Asubuhi rasharasha, mchana jua la kuchoma, na sasa, muda mfupi kabla ya Magharibi, kuna upepo mzuri hapa Masoko. Kucha zangu zina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Nina furaha, na nina aibu pia. Nianze na aibu.

Jana nilimfokea mama yangu.

Kisa ni pikapu ya marehemu baba. Imezeeka, tena kabureta yake ni ya zamani zile, lakini ndiyo inayonipeleka shuleni. Wiki tatu hizi imekuwa ikitoa moshi, inakunywa petroli kama imetumwa, na kwenye kilima inakohoa. Fundi Salumu aliisikiliza akiwa amesimama, hakuinama hata kidogo, akatoa hukumu. "Mwalimu, hizo ni ringi za pistoni. Oili inapanda. Injini imekwisha hiyo, muuzie mtu wa spea." Mnunuzi akampata yeye mwenyewe, na tukakubaliana aje Jumatatu.

Mimi gari naweza kuishi bila. Mama ndiye hawezi. Dada yake, mama mkubwa, yuko Miteja, anaumwa na hatoki tena nje ya uzio wake. Mama naye nyonga inamsumbua, ngazi za basi hazipandi, na bodaboda ndio usiseme. Hawajaonana tangu kabla ya msimu wa korosho uliopita. Pikapu ikiuzwa, sijui wataonana lini, na kwa hali ya mama mkubwa hilo neno "lini" linanitisha.

Ndiyo maana jana niliamua kuzifungua plagi za injini mwenyewe. Baba hakuwa fundi, lakini alikuwa hakubali neno la fundi yeyote kabla hajaziona ncha za plagi. Alinifundisha nikiwa darasa la sita. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ni nzima. Nyeupe, inaungua kwa joto. Nyeusi inayoteleza, oili inapanda, na hapo ndipo ringi zinaposhukiwa. Nyeusi kavu, kama masizi ya sufuria, petroli ni nyingi kuliko hewa, na hiyo si kesi ya kuua gari.

Nikazitoa zote nne, nikazipanga barazani juu ya gazeti. Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa. Nikasema nikaswali kwanza, nizitazame nikiwa nimetulia.

Niliporudi zilikuwa zinang'aa.

Mama alikuwa amezisugua kwa majivu na kumbi la nazi, moja baada ya nyingine, kama anavyosugua masufuria ya Idi. Akazisuuza, akazianika kwenye ungo. Ushahidi wote ulikuwa umekwenda na maji ya karai. Nami sikuwa nimeziangalia hata sekunde mbili.

"Mama, umeniharibia kila kitu."

Nilisema kwa sauti ya darasani, ile ya kumnyamazisha mtoto wa nyuma kabisa. Jirani alisikia. Mama akajibu taratibu, "Zilikuwa chafu, mwanangu," akanyanyuka kwa shida na kuingia ndani. Chai yake ikapoa pale pale.

Leo asubuhi nikazirudisha zile plagi zake safi na kuondoka kuelekea Nangurukuru. Nilijua dawa ni moja tu, zichafuke upya. Moshi ulinifuata njia nzima, na kwenye kioo niliutazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mweusi. Moshi wa oili baba alisema huwa na ubuluu.

Karibu na njia panda nikaegesha pembeni, nikazima injini hapo hapo bila kuiacha ingurume, nikasubiri ipoe. Safari hii nilikuwa na trei ya mayai na chaki. Nikaandika moja, mbili, tatu, nne, na kila plagi ikakaa kwenye namba ya silinda yake.

Nyeusi. Nikaipapasa kwa kidole. Kavu.

Ya pili kavu. Ya tatu, ya nne, zote kavu, weusi ule ule wa kufutika. Nikazifuta kwenye karatasi ya daftari na hakukuwa na doa hata moja la mafuta. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikacheka peke yangu, mpaka mwenye bodaboda mmoja akapunguza mwendo kuniangalia.

Ringi nzima, basi hewa inazibwa wapi? Nikafungua chujio la hewa, lina vumbi la kawaida. Nikatazama choki, kile kifuniko cha kabureta kinachobana hewa asubuhi gari likiwa baridi. Kilikuwa kimefungwa nusu. Nikafuata waya wake mpaka ndani, kwenye kitufe cha kuuvuta pale mbele ya usukani.

Kwenye kitufe ulikuwa unaning'inia mfuko wangu wa madaftari ya darasa la tano.

Nimekuwa nikiutundika hapo tangu shule ifunguliwe, wiki tatu zilizopita. Waya umelegea, na kila tuta na kila kona mfuko unakivuta kitufe. Madaftari ya watoto arobaini na kitu yamekuwa yakilinyonga gari, na aliyeyatundika ni mimi.

Nikautoa mfuko, nikakisukuma kitufe, nikazipiga plagi brashi na kuzirudisha, nikawasha. Injini ikatulia. Hadi nafika nyumbani, kioo cha nyuma hakikuwa na moshi. Nimempigia mtu wa spea na kumwambia asije. Fundi Salumu nitamwonyesha ile karatasi, kwa adabu, lakini nitamwonyesha.

Kwa mama nilikwenda nikapiga magoti kwenye mkeka wake. Nikamwambia mfuko ulikuwa wangu, kosa langu, na maneno ya jana nayo yangu, anisamehe.

"Kwa hiyo Miteja tunafika?"

"Tunafika, inshallah. Kesho asubuhi."

Akaomba simu. Alizungumza na dada yake Kimatumbi cha mbio mbio, ambacho mimi nakishika vipande vipande tu. Nilinasa jina langu, kisha nikasikia wanacheka wote wawili, na kicheko cha mama mkubwa kilikuwa chembamba sana. Mama akakata simu, akabaki ameishika kifuani.

"Anasema tusichelewe. Asubuhi ndipo anapokuwa na nguvu."

Nimeweka saa iniamshe kabla ya Alfajiri. Kesho ni siku ya dada wawili. Mimi ni dereva tu.