Kisu cha Mama Keji

Mdogo wangu Rehema,

Hamjambo hapo nyumbani, na mama je? Mimi mzima, ila jua la Juba limenigeuza mkaa.

Wauguzi ninaowafundisha hapa wana huruma iliyopita kiasi. Wagonjwa wa akili waliokwisha kupata nafuu wanapikiwa, wanafuliwa nguo, wanakaa tu kama wageni wa harusi. Juzi nikasema basi. Nikampa mgonjwa mmoja, Mama Keji, kisu na beseni la bamia. Mwanafunzi wangu Lado, aliyekulia uhamishoni Uganda, akaruka: "Sista, huyu mama iko na kisu!" Nikamwambia achukue kingine, aketi naye, akate. Hata mimi niliogopa, lakini sikumwonyesha mtu.

Mama Keji akatazama vipande vya Lado, akamnyang'anya beseni. "La, la! Hii bamia ama kuni?" Akamfundisha upya mpaka sufuria ikajaa. Tulikula na asida, ugali wa huku, tukaramba vidole. Kisha akasema Jumamosi anataka kwenda sokoni Kator mwenyewe, kuchagua samaki mkavu. Nimekubali, na Lado ndiye atakayembebea kikapu.

Sasa sikiliza. Mama yetu amepata nafuu tangu mwaka jana. Kile kisu ulichomficha alipougua, kishushe kutoka juu ya kabati. Kama unaogopa, kaa karibu naye, lakini mwache akate mchicha wake. Nikirudi nataka chakula cha mkono wake, si wako.

Nakukumbuka sana, mpishi mbaya wee.

Dada yako,
Zuhura