Kipimo cha Kadibodi cha Swali la Saba

KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA MITIHANI, IDARA YA HISABATI
Jumanne, saa nane mchana, chumba cha walimu (upande usiovuja)

WALIOHUDHURIA: Mkuu wa Idara (Mwenyekiti), Mwalimu wa kidato cha pili, maarufu kama Rula, Mwalimu Mgeni, Mama wa mwanafunzi (mwalikwa), Katibu.
ASIYEHUDHURIA: Mkuu wa Shule, kwa udhuru ambao haukutajwa.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba kiwe kifupi. Mama alisema yeye hana haraka.

KUMB. NA. 2/ SWALI LA SABA
Swali lilitaka kutafuta x ikiwa −3x + 5 > 11, na kuchora jibu kwenye mstari wa namba. Rula alieleza kwamba idara husahihisha michoro kwa kipimo cha kadibodi: hulazwa juu ya karatasi, na mshale wa mwanafunzi usipoonekana kwenye tundu, ni sifuri. Kipimo hiki alikikata Mwenyekiti mwenyewe, tundu likielekea kulia kwa −2.

Mwalimu Mgeni alifanya hesabu ubaoni: −3x > 6, ukigawa kwa −3 alama hugeuka, hivyo x < −2. Duara la −2 huachwa tupu, mshale huenda kushoto. Mwenyekiti alisema mkasi uliteleza. Rula alisema kilichoteleza si mkasi. Alitakiwa achunge ulimi.

KUMB. NA. 3/ MWANAFUNZI
Ilithibitika kwamba binti wa mwalikwa alipatia, akapewa sifuri. Wenzake waliokumbwa na hilo waliokolewa na maswali mengine; yeye alipelekwa mtihani wa marudio. Kabla ya marudio Mwenyekiti aligundua kosa lake, akakata kadibodi mpya kimyakimya, bila kumwambia mtu. Swali kama lile lilirudi. Safari hii binti hakugeuza alama, akapata sifuri tena.

Rula aliomba zitumike alama za kwanza, zikisharekebishwa. Mwenyekiti alieleza kwamba kikanuni matokeo ya marudio ndiyo ya mwisho, na binti ataondoka shuleni. Mwalimu Mgeni aliuliza imekuwaje aliyejua mwanzo asijue sasa. Mama alijibu:

"Alikuwa anajua, mwalimu. Mlipomwekea kosa akaniambia, 'Mama, walimu hawawezi kukosea wote.' Akakaa chini akajifundisha upya, kama mlivyotaka."

 

Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Katibu ameyaandika.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Uamuzi wa Mwenyekiti ulibaki. Kikao kilifungwa saa tisa kasoro robo.

Katibu: (amesaini)
Mwenyekiti: (ameletewa mara mbili, hajasaini)