Usimsalimie Tena Shemeji Yako

Chumba cha uani,
Kwa Fundi Viatu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ng'ambo ya mto? Unakula? Na kifua, bado kinakubana kukiwa na baridi? Sisi wazima, ila usingizi hakuna. Kichuna wangu anaota meno, na anayetafunwa ni mimi.

Mama hakulaumu. Tulitoka kwetu pamoja kutafuta kazi, wewe na shemeji yako mkavaa magwanda ya jeshi la huku ili tupate vibali vya kuishi. Walipowaambia mchome nyumba za wanaosali kama sisi, wewe na wenzako mkavuka, sasa mnapigana upande wa pili. Mimi pia sikulaumu, japo bombani naitwa dada wa msaliti na ndoo yangu inasukumwa nyuma.

Lakini hili la Jumanne limenikata maini. Shemeji yako alikuwa lindo mtoni. Ukamwona, ukapaza sauti kwa lugha yetu: "Shikamoo, shemeji!" Naye unamjua, hajawahi kuacha salamu ya mtu ipite bure. Kabla hajafikiri keshaitikia: "Marahaba, bwana mdogo! Mbona umekonda hivyo?"

Nasikia mlicheka pande zote mbili. Afisa wa huku hakucheka. Alitaka kujua hiyo ni ishara ya nini, akamweka ndani. Nilipompelekea chakula nikamuuliza, "Baba Kichuna, ulishindwa hata kujikohoza?" Akanijibu, "Mtoto wa watu kaniamkia, ninyamaze?" Nilicheka pale pale, njiani nikalia.

Kesho wanamrudisha mtoni. Wahamiaji wote sasa wanavaa kitambaa cheupe mgongoni, ili walio nyuma yao wajue pa kulenga wakikimbia. Tunaovishona ni sisi wake zao. Chake nimekishona mwenyewe, mishono midogomidogo, kama sare ya mtoto wa shule.

Sasa nisikilize, na usinibishie. Ukimwona, geuza uso. Usimwite avuke, usimtanie, usimwamkie. Nimekubeba mgongoni, naujua mdomo wako. Yeye kuitika hataacha, kwa hiyo wa kunyamaza ni wewe. Na mkianza kupigana, angalia kwanza yuko wapi kabla hujafyatua. Mwanangu ana baba mmoja na mjomba mmoja. Nawataka wote wawili.

Barua hii anaivusha muuza maziwa, isome, uichome. Mwenye nyumba wetu na mkewe wanakusalimu, kimyakimya. Mama anakuombea kila alfajiri. Mungu akufunike.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza.