Jicho la Bibi Shamba

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika hapa Bashay, marahaba. Babu yako bado anakohoa, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unauliza kuna ubaya gani kulala na lenzi machoni, hizo unazovaa badala ya miwani, maana zako haziumi.

Nilipokuwa mpishi kwenye shamba la ngano la serikali, kule Hanang, tulikuwa na bibi shamba aliyerudi na lenzi kutoka masomoni ng'ambo. Wakati wa mavuno maji yalikuwa ya kugombania na mikono ilijaa vumbi, akaona heri asizivue kabisa. Jicho moja lilipokuwa jekundu, sote tukasema ni kapi la ngano. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akamkamulia maziwa jichoni, kama tulivyofanyiana siku zote. Akashukuru, akarudi kazini na lenzi zake machoni.

Alipofikishwa hospitali, mboni ilikuwa nyeupe kama ugali. Jicho lile halikuona tena.

Baadaye nikimpelekea chai kwa upande wa jicho lile, ilibidi niseme kwanza, “Dada, niko hapa.” Siku moja nikamuuliza mbona hakuzivua mapema.

“Hazikuwa zinauma,” akasema.

Zivue leo, mama.

Bibi yako