Nilichokisikia Kwenye Dirisha la Jiko kwa Rwekaza

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Nyamagana, Mwanza
Tarehe: 9 Juni 2025. Muda wa kuanza: saa 4:10 asubuhi
Jina: Eugenia Rutashobya
Umri: Miaka 63
Kabila: Mhaya. Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mwalimu mstaafu wa sekondari, somo la Kemia
Makazi: Igogo, Mwanza
Kuhusu: Moto uliotokea katika mgahawa wa Jovinary Rwekaza, Igogo, tarehe 5 Juni 2025

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Koplo Odeta amenieleza kwamba nikisema uongo huku nikijua ni uongo naweza kushtakiwa. Nimemwambia nimeelewa, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo nimekuja.

Nakula chakula cha mchana kwa Rwekaza kila siku isipokuwa Jumapili, tangu Oktoba 2021, alipofariki mume wangu. Kujipikia peke yangu kulinishinda. Kila nilipopima mchele, mkono ulipima wa watu wawili. Meza yangu ni ile iliyo chini ya dirisha la jiko, dirisha ambalo sahani hupitia. Kutoka kwenye kiti changu hadi kwenye jiko lenyewe hazifiki hatua nne. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia imesemwa hapa kituoni kwamba wateja hawawezi kujua yanayozungumzwa jikoni. Mimi nikikaa pale nasikia hata kitunguu kikitiwa kwenye mafuta.

Mpishi wa mgahawa huo ni Rebeka Masele, miaka 34, mwenyeji wa Magu. Alipoanza kazi alikuwa hajui kupika ndizi za kwetu Kagera. Nilimwonyesha mara moja tu: zimenywe, zipangwe juu ya maharage yaliyoiva nusu, zifunikwe kwa jani la mgomba, wala zisikorogwe. Wiki iliyofuata alinipikia, nikamwambia zinafanana na za mama yangu. Hilo silisemi ovyo. Tangu hapo Jumatano ikawa siku yangu ya ndizi, Jumatatu ugali wa muhogo na dagaa, na Alhamisi mchemsho wa sato, samaki mzima kwenye mchuzi mwepesi wa nyanya, bilinganya na ndimu. Siku nyingine nilikula alichokuwa nacho.

Mwenye mgahawa, Jovinary Rwekaza, ana miaka 44. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Si mtu mbaya. Naomba hilo liandikwe kabla ya mengine.

Mwezi Februari mwaka huu Rwekaza alinunua jiko la gesi la plate tatu na mtungi mkubwa, akauweka jikoni, ukutani, karibu na mlango. Majiko ya mkaa yalihamishiwa kwenye banda la nyuma, yakabaki kwa ajili ya wali na maharage tu.

Mnamo Jumatatu tarehe 2 Juni, saa 7:10 mchana, nikiwa kwenye meza yangu, nilimsikia Rebeka akimwambia Rwekaza kwamba mpira wa gesi umepasuka pale unapoungana na mtungi. Alisema amepaka sabuni na inatoa povu. Rwekaza alimjibu kwamba fundi yuko Geita, atarudi Ijumaa. Nilimsikia vizuri. Siku hiyo mimi sikunusa kitu.

Jumatano tarehe 4 Juni nilifika saa 7:05. Rebeka alimwambia tena, na safari hii hakupunguza sauti. Alisema apewe siku moja apike vyote kwa mkaa. Rwekaza akasema wateja wa mchana hawasubiri mkaa, akamwelekeza awe anafunga mtungi kila akimaliza kupika, basi. Kwenye meza ya pili alikuwapo Ooko, fundi wa injini za boti, anakula kichwa cha sangara. Aligeuka akatazama jikoni, kisha akanitazama mimi. Nikainamia sahani yangu. Ooko sasa yuko Ukerewe kikazi. Nimempa Koplo Odeta namba yake ya simu.

Siku hiyo ya Jumatano nilinusa. Harufu ilikuwa hafifu, kama ya kabichi iliyooza. Nimefundisha kemia miaka thelathini na moja. Najua kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwamba haipandi juu ikatoka dirishani bali inatuama chini sakafuni kama maji, na kwamba mtu anaweza kusimama ndani yake hadi magotini asijue. Nilimaliza ndizi zangu, nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Alhamisi tarehe 5 Juni nilifika saa 7:15 mchana. Siku hiyo upepo wa ziwani ulikuwa mkali na vumbi lilikuwa linaingia, hivyo mlango na madirisha ya jiko yalikuwa yamefungwa, isipokuwa hili dirisha dogo la sahani. Rebeka alitoa kichwa dirishani, akaniamkia. Nikaitikia. Akasema, "Mwalimu, leo kula wali maharage. Vimeshaiva nje kwenye mkaa. Hilo jiko la gesi silipendi."

Nikamjibu, "Rebeka, mimi Alhamisi nakula sato."

Hayo ndiyo maneno yangu kama yalivyotoka. Nilitabasamu nilipoyasema. Yeye hakutabasamu. Rwekaza alikuwa amesimama karibu na kaunta, akasema, "Mpikie mwalimu." Rebeka akasema sawa. Akarudisha kichwa ndani.

Nilisikia akiweka sufuria. Nilisikia kiberiti kikikwaruzwa mara moja, hakikuwaka. Mara ya pili kikawaka.

Haukuwa mlipuko mkubwa kama watu wanavyosimulia sokoni. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kilichofunikwa kwa blanketi kikianguka. Moto ulitoka kwenye dirisha la sahani juu ya kichwa changu na kurudi ndani mara moja. Saa ya ukutani ilionyesha saa 7:25. Rebeka hakupiga kelele. Nilimsikia akisema "mama" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mtu aliye chumba cha pili.

Ooko, ambaye siku hiyo pia alikuwa kwenye meza ya pili, ndiye aliyeingia kwanza. Alimtoa Rebeka kwa mlango wa nyuma, akarudi akafunga mtungi, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa cha meza kilicholoweshwa. Rwekaza alimwagia Rebeka maji kutoka kwenye pipa, akambeba mwenyewe hadi kwenye gari lake, akampeleka hospitali huku akipiga honi njia nzima. Nalo hili naomba liandikwe. Shati lake liliungua begani, naye hakujua hadi jioni alipoonyeshwa.

Mimi nilikuwa bado nimekaa. Sikuumia popote.

Ijumaa tarehe 6 Juni, saa 12:15 jioni, Rwekaza alifika nyumbani kwangu na mkungu wa ndizi. Alisema shikamoo, nikaitikia, nikamkaribisha. Alinieleza kwamba amehojiwa na polisi, na kwamba amesema Rebeka aliacha mtungi wazi tangu asubuhi na hakuwahi kumwambia chochote kuhusu mpira. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ikijulikana kwamba aliambiwa, mgahawa utafungwa, na watu sita watakosa kazi, Rebeka akiwa mmoja wao. Akasema matibabu yote atayabeba yeye. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe wakikuuliza sema ulikaa barazani. Kwa upepo ule hukusikia kitu."

Nilimjibu, "Nimekusikia."

Akanishukuru, akaondoka. Nilijua amelichukua neno langu kuwa nimekubali, nami nikamwacha alichukue hivyo. Ule mkungu uko jikoni kwangu, haujakatwa. Kama unahitajika kuwa kielelezo nitauleta.

Jumamosi sikutoka nje. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikumtafuta wa kumwambia.

Jana Jumapili tarehe 8 Juni nilikwenda kwenye ibada ya Pentekoste, kisha nikaenda hospitali saa 8:00 mchana, muda wa kuona wagonjwa. Rebeka amefungwa bandeji mikono yote miwili hadi juu ya viwiko, na shingo, na upande mmoja wa taya. Mama yake mzazi alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Nilimwamkia yule mama ingawa nadhani tunalingana umri, sijui kwa nini. Akaitikia, akanipa kiti chake.

Rebeka aligeuza macho, kichwa hakikuweza. Akaniuliza, "Mwalimu, leo umekula wapi?"

Nikamwambia nimekula nyumbani. Sikuwa nimekula.

Mama yake alinisimulia kwamba askari walikuja Jumamosi, wakamweleza Rebeka kuwa kuna tuhuma za uzembe juu yake na kwamba wataendelea naye daktari akiruhusu. Rebeka aliwaambia habari za mpira na sabuni. Wakaandika. Lakini hakuweza kutia saini wala dole gumba, kwa sababu hana kidole kilicho nje ya bandeji, wakasema watarudi. Yule mama akasema bosi ni mtu mkubwa, nani ataamini maneno ya mpishi, na yule Ooko aliyekuwapo amesafiri. Hakuwa ananiomba kitu. Hakujua mimi nilikuwa nimekaa wapi. Rebeka alijua, na hakusema.

Nilitaka kumuuliza Rebeka kwa nini hakusema. Badala yake nilichukua bakuli la uji nikamalizia kumnywesha. Alikunywa wote. Alisema una chumvi nyingi. Nikasema kweli, una chumvi nyingi.

Nilifika nyumbani saa 11:00 jioni. Nililala mapema, nikaamka kabla ya adhana ya alfajiri, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua.

Leo tarehe 9 Juni, saa 1:10 asubuhi, nilimpigia Rwekaza simu. Sikutaka aje kuyasikia haya kwa mtu mwingine. Nilimwambia, "Jovinary, naenda polisi. Nitasema nilikaa wapi na nilisikia nini, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Kama una la kusema, liseme wewe mwenyewe." Akauliza nitakuwa kituoni saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akakata simu.

Sasa nasema yanayonihusu mimi. Rebeka Masele alimwambia mwajiri wake mara mbili, mbele yangu, kwamba mpira unavuja. Alinionya mimi pia, kwa mdomo wake, na kulikuwa na chakula kingine kilichoiva ambacho ningeweza kula. Mimi ndiye mtu pekee katika mgahawa ule aliyekuwa na elimu ya kujua kitakachotokea gesi ikituama kwenye jiko lililofungwa na mtu akawasha kiberiti. Jambo hilo nimelichora ubaoni mbele ya vidato vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na Rwekaza alikuwa katika kimojawapo. Niliinusa siku moja kabla, nikanyamaza. Siku iliyofuata niliagiza sato.

Koplo Odeta ameniambia kwamba kutaka chakula si kosa kisheria. Nimemjibu kwamba sijaja kuuliza kama ni kosa. Nimekuja ili ijulikane mpishi alisema nini, nani walimsikia, na kila mmoja wao alifanya nini baada ya kusikia. Wasikilizaji tulikuwa watatu. Mmoja ni mimi, na siwezi kuwataja wawili nikajiacha.

Niko tayari kuyasema haya mahakamani mbele ya Rwekaza na mbele ya Rebeka, siku yoyote nitakayoitwa. Nikifa kabla ya hapo, karatasi hii itumike.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimeyasoma mwenyewe kwa miwani yangu, neno kwa neno, mara mbili, na sina la kupunguza.

Saini: E. Rutashobya

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi WP 7316 Koplo Odeta Malimi nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatamka, kuanzia saa 4:10 asubuhi hadi saa 6:05 mchana. Shahidi alikuwa na akili timamu na hakushurutishwa. Alisahihisha tahajia katika sehemu tatu, ambazo nimezitia saini pembeni. Nilimshauri kwamba aya inayohusu oda yake ya chakula inaweza kuachwa. Alikataa.

Saa 6:20 mchana nilimsindikiza shahidi hadi getini. Nje ya geti tulimkuta ndugu Jovinary Rwekaza amesimama peke yake juani. Mlinzi amenithibitishia kuwa alikuwapo hapo tangu saa 4:30, na aliambiwa aingie akasema bado. Alimwambia shahidi shikamoo. Shahidi aliitikia marahaba, akamshika mkono, akamwonyesha mlango wa ofisi yangu.

Nimeanza kuandika maelezo yake saa 6:30 mchana.

Saini: O. Malimi, WP 7316 Koplo