Alama ya Ngamia Wetu Mtandaoni

Ijumaa, Garissa

Joto la leo halina adabu. Tangu adhuhuri feni inazungusha vumbi tu hapa chumbani kwangu mtaa wa Waberi, na mimi nina jambo kifuani halishuki.

Simwamini Mutua.

Mutua ni kijana wa Nairobi anayekusanya sanaa za huku kwetu na kuziweka kwenye tovuti ya shirika lao. Aliona michoro yangu ya kompyuta, akanitafuta. Alitaka nichore sumad, zile alama ambazo watu wetu huwachoma ngamia kwa chuma cha moto ili ijulikane ni wa nani. "Ni urithi, Hodan, tusiuache upotee," aliniambia. Nilifurahi, sitaficha. Nani mwingine amewahi kunitafuta kwa kazi yangu?

Basi nikaenda Griftu siku ya mnada wa mifugo, kwa abti, kaka yake mama. Alinishikia ngamia nikapiga picha za mashavu na shingo, nikarudi, nikachora.

Jana, kazi ikiwa imekamilika, ndipo nilipokaa kusoma masharti ya ile tovuti. Kila kinachowekwa pale ni huru: yeyote achukue, abadilishe, hata auze. Nikashuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Kuhusu nembo ya shirika: haki zote zimehifadhiwa, marufuku kunakili.

Nikampigia simu.

"Mbona alama yetu ni ya kila mtu, na nembo yenu ni yenu peke yenu?"

Akacheka. "Nembo ni utambulisho wetu, Hodan. Mtu akiichezea, watu watadanganywa."

"Na sumad ni nini?"

Akakohoa, akasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua.

Tangu hapo naona shaka kila ninapogeuka. Naona sumad ya abti kwenye fulana za watalii. Naona mwizi wa mifugo ameketi na simu, anajifunza kuiiga. Nikafuta michoro yote.

Leo asubuhi nikampigia abti kumweleza. Nilitarajia dua. Nikapata ukali.

"Umefuta? Wallahi, sumad tunaichoma shavuni ili ionekane! Kwani tunaona haya?"

"Watu wataichukua, abti."

"Anayeichukua na kuficha ni ya nani, huyo mwizi. Anayeionyesha na kututaja, huyo mgeni wetu. Kwa nini hukuniuliza?"

Mutua hakumuuliza. Mimi pia sikumuuliza, si nilipokubali, si nilipofuta.

Picha bado ninazo, kwa hiyo nimeanza kuchora upya. Na baada ya alasiri nimemwandikia Mutua: sumad ionyeshwe ikiwa na jina la wenyewe, isibadilishwe wala kuuzwa bila wao kuulizwa. La sivyo, michoro inabaki kwangu.

Ameusoma ujumbe. Nimeona anaandika. Kisha akaacha.

Labda anashauriana na wakubwa wake. Labda ni mtu mwema na mimi ndiye nimejaa dhana mbaya, Allah anisamehe.

Lakini kabla sijasoma masharti yale nilikuwa nimemtumia mchoro mmoja wa majaribio, aone kazi inavyokwenda. Ulikuwa wa sumad ya abti. Sasa hivi uko kwa nani?