Lengalenga za Nyuma ya Jengo la Gesi

Jumanne, 7 Julai 2015
Nimepalilia tena. Lengalenga, mchicha wa kwetu, zimefika magotini. Bahati ananiambia, Mama, ule uwanja si wetu, kanisa limepanga ukumbi tu. Nimemwambia anyamaze. Tangu tuje huku kwa Wazungu mwanangu amesahau jembe, siku hizi anajua forklift, ile mashine ya kuinua mizigo. Jengo lenyewe la matofali, la zamani sana. Humo walikuwa wanachoma makaa ya mawe wapate gesi ya taa za barabarani, kabla ya umeme. Sasa tunasali humo. Nyuma yake ardhi imelala bure, udongo mweusi kama wa kwetu Rutshuru. Udongo mweusi unazaa. Hilo hakuna shule ya kunifundisha.

Jumapili, 12 Julai
Baada ya ibada nimewagawia akina mama mboga. Fungu kubwa la Neema, mke wa Bahati. Mimba ya miezi saba na amekonda kama ufagio. Anasema tumbo linakataa. "Nani amekuuliza tumbo? Kula. Mjukuu wangu hatajengwa kwa chipsi." Akala. Anakula kila juma tangu Juni.

Jumatano, 15 Julai
Mwenye jengo anataka kuuza, akaita wapima udongo. Wamevaa glavu. Wamechimba katikati ya matuta yangu. Chini kunang'aa, kunanuka lami. Bahati amenitafsiria: uchafu wa ile gesi ulimwagwa hapa miaka na miaka. Sumu. Kinachoota hapa hakiliwi. Kibao cha onyo kiko kwenye uzio. Nilikipita kila siku. Kiingereza sisomi, na kumwuliza mtu niliona aibu.
Neema.

Alhamisi, 16 Julai
Bahati amempeleka hospitali. Wametoa damu. Mimi nimebaki nyumbani, hapa Fridley, sikuitwa. Nimewapigia akina mama simu, mmoja mmoja. Zitupeni zile mboga. Mama Furaha akacheka: "Si wewe ulituita wavivu kwa kununua mboga dukani?"
Ndiyo. Mimi.
Naogopa.

Jumamosi, 18 Julai
Nimeng'oa zote. Mwenyewe. Sikutaka msaada.

Jumanne, 21 Julai
Majibu yametoka. Damu haina kitu. Mtoto anacheza. Daktari hakuapa, atamwangalia mpaka ajifungue.
Nimemwomba Neema msamaha, Bahati akisikia. Sijawahi kumwomba mkwe msamaha. Akasema, "Nimesikia, Mama." Basi. Akaendelea na wali wake, kidogo kidogo. Akaacha nusu.
Sikumwambia amalize. Nimeondoa sahani, nikaenda kuosha vyombo.